Bodi Hii ya Nani?

Haya, sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako.

Mnamjua fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani? Kanzu zimerundikana mpaka dirishani, nyeupe tupu, nyingi zimekatwa kwenye jora moja. Ila kila moja ina kikaratasi kilichobanwa kwa pini: jina, urefu, mabega. Kikidondoka hicho, asubuhi ya Idd utamwona mtu mzima na ndevu zake kavaa kanzu inayomwishia magotini.

Sasa toeni kanzu, wekeni gari. Twendeni Wolfsburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Volkswagen. Bwana mmoja kaingia dukani mjini kwake, kachagua Golf nyekundu, yenye dirisha la paani na ndoano ya kuvutia tela. Muuzaji ameandika oda, oda imeingia kwenye kompyuta na kupewa namba. Gari lenyewe liko wapi? Halipo. Ni mabati tu, yameviringwa kama mikeka. Lakini lina mwenyewe tayari.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1913, Henry Ford alipoanza kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea, kule Highland Park, Marekani, kazi ya kuunda chesisi moja ya gari lake, Model T, ilishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Tangu 1914 hadi 1925 gari hilo lilitoka kwa rangi nyeusi tu. Ukitaka nyekundu, shauri yako! Fundi anayeshona kanzu za aina moja hahitaji vikaratasi vingi. Kazi ilianza watu walipotaka kuchagua.

Siku hizi kikaratasi ni lebo ya milia au chipu ndogo, inayosafiri na bodi tangu vyuma vinapoanza kuchomelewa. Kila kituo kina kifaa cha kuisoma. Roboti akisoma kwamba huyu anataka dirisha la paani, anachukua paa lenye tundu. Hapo hakuna utani, maana paa likishachomelewa huwezi kurudi kesho kulitoboa kwa msumeno. Gari hupigwa pia namba yake ya chesisi, ambayo kimataifa ina herufi na tarakimu 17. Humo hamna I, O wala Q, kwa sababu mtu mwenye haraka angezisoma kama moja na sifuri.

Kisha huja chumba cha rangi, na hapo ndipo foleni huvurugika. Chembe moja ya vumbi ikinasa kwenye rangi mbichi, bodi inatolewa pembeni, inasuguliwa, inapakwa tena. Zilizokuwa nyuma yake zinapita. Yaani ni kama mstari wa gwaride la shule, kila dakika mmoja anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ndiyo maana viwanda vingi vina ghala refu la bodi zilizopakwa rangi, ambamo kompyuta huzipanga upya kabla hazijaenda kufungwa injini na viti.

Hapo kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote. Tuseme bodi nyekundu ya yule bwana imekwama kwenye kusuguliwa, na nyuma yake ipo nyekundu nyingine, ina tundu lilelile la paa, lakini oda yake si ya haraka. Viwanda vingine huhamisha oda: bwana anapewa ile iliyo tayari, iliyokwama inapewa oda ya pili. Bodi mbili zimebadilishana wenyewe, na wenyewe wamelala majumbani, hawana habari.

Msururu ukishapangwa, habari hurushwa kwa mtengeneza viti, ambaye mara nyingi yuko jirani. Viti vinaletwa kwa lori vikifuata foleni ileile. Basi niambieni, kiti kitakachotakiwa kwanza kinapakiwa lini kama lori linashushwa kwa mlango wa nyuma? Mwisho kabisa! Mpakiaji akikosea kimoja, gari jekundu linafika na kukuta viti vya jirani.

Si kila gari lina mwenyewe wakati linaundwa. Mengi, hasa Marekani, huagizwa na wauza magari, yakapangwa uwanjani yakisubiri mnunuzi. Mteja akija, muuzaji anaweza kutafuta kwenye kompyuta kama lipo la kumfaa, hata lililo bado njiani.

Bwana wetu akipenda, atalifuata gari lake Wolfsburg palepale. Kuna minara miwili ya kioo, urefu mita 48, kila mmoja una nafasi ya magari 400. Lifti inapanda, inachomoa moja tu, lake, na kulishusha bila kuwashwa injini.

Na kikaratasi? Kwenye magari mengi hakitupwi. Toyota zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimetumika Japani zina kibati cha kiwandani chenye namba ya chesisi na misimbo ya rangi na ya mapambo ya ndani. Muuza spea atakuuliza namba hiyo kabla hajanyanyuka kitini. Mwombeni mjomba afungue boneti, mkitafute. Kwenye nafasi ya rangi mkikuta 040, lilizaliwa jeupe, hata kama leo mnaliona la bluu.