Motokaa Ikisita na Kukohoa: Injini Ina Njaa ya Petroli

Maziwa yamekwisha kukamuliwa, mikebe imepakiwa, na pikapu imeondoka nyumbani vizuri. Ikifika mlimani, dereva akikanyaga mafuta, injini inasita kidogo, inakohoa mara mbili tatu, kisha inavuta kwa udhaifu. Wakulima wengi wakiona hivyo hununua plagi mpya. Wengine hununua na betri pia. Fedha zimekwisha, maziwa yamechelewa, na pikapu ingali inakohoa.

Yafaa kwanza kujua chakula cha injini. Injini ya petroli haili petroli tupu, hula petroli iliyochanganywa na hewa, na hewa ndiyo nyingi. Kilo 1 ya petroli yahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Ukipima kwa lita utastaajabu: lita 1 ya petroli hutumia lita 9,000 hivi za hewa. Injini ikipanda mlima na mzigo hutaka petroli zaidi, kilo 1 kwa kilo 12 au 13 za hewa. Kazi ya kabureta ni kupima mambo hayo. Hewa ikizidi, au petroli ikipungua, moto ndani ya injini huwaka polepole mno. Valvu ya kuingizia ikifunguliwa tena, moto haujaisha, nao hurudi nyuma kwenye kabureta. Hicho ndicho kikohozi unachosikia.

Usidhani kwamba injini ya namna hii inakuwekea akiba ya petroli. Wako watu wanaomwomba fundi atie jeti ndogo ili motokaa inywe kidogo. Injini yenye njaa ikibebeshwa mzigo hupata joto kali, huunguza valvu za kutolea moshi, na mara nyingine hutoboa pistoni. Gasketi ya kabureta ni bei ndogo. Kufungua injini nzima kwaweza kula fedha za maziwa za miezi mingi.

Basi utajuaje kama ni njaa ya petroli na si ugonjwa mwingine? Pasha injini moto mpaka iende vizuri bila choki. Halafu, wakati inaposita, vuta choki kidogo. Choki huzuia hewa. Injini ikipata nafuu, ujue hewa ilikuwa nyingi au petroli ilikuwa kidogo. Ikizidi kuwa mbaya na kutoa moshi mweusi, rudi ukatazame plagi, nyaya na pointi. Tena fungua plagi uitazame ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, ni nzuri. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini ina njaa.

Sasa jiulize swali moja ambalo mafundi wenye haraka husahau kuuliza: inasita wakati gani?

Ikiwa inatetemeka na kutaka kuzimika pikapu inaposimama, lakini ikikimbia inakwenda sawa, tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa wizi. Hewa hiyo hupita chini ya kabureta bila kupimwa: kwenye gasketi iliyokauka, nati zilizolegea, au mpira uliopasuka, hasa ule mnene unaokwenda kwenye breki. Sikiliza kama kuna mlio wa kufyonza. Chovya brashi katika maji ya sabuni, upake kwenye viungo injini ikiwa inakwenda polepole. Mlio wa injini ukibadilika ghafula, tundu liko hapo. Wengine hufanya kazi hii kwa kumwagia petroli. Hao wanacheza na moto, na pikapu ngapi zimeteketea hivyo!

Ikiwa inasita pale tu unapokanyaga mafuta kwa ghafula, kisha inaendelea, tazama pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta. Zima injini, weka sigara mbali, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, utazame kooni huku mwenzako akikanyaga mafuta. Petroli yapasa kuruka mara moja kama mkojo wa mtoto. Isiporuka, mpira wa pampu hiyo umechoka, au tundu lake limeziba.

Lakini ikiwa inakwenda vizuri tambarare na kufa njaa mlimani, petroli haifiki ya kutosha. Anza na kifuniko cha tangi, maana hakigharimu kitu. Tundu lake la kupumua likiziba, petroli haiwezi kutoka. Ukifungua ukasikia tangi linavuta pumzi, na injini ikapata nguvu, umekwisha kumpata mwizi. Baada ya hapo tazama chujio la petroli, pampu, na jeti. Wanaoweka petroli katika mapipa hukuta kutu na maji humo. Jeti isichokolewe kwa waya, kwa sababu tundu lake litapanuka. Ipulize kwa pampu ya baiskeli.

Kuna jambo jingine kwa watu wa nchi ya juu. Kinangop, ambako ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na baadhi ya mafundi hutia jeti ndogo ili moshi mweusi uishe. Si vibaya. Lakini pikapu hiyo ikiteremka Mombasa na viazi, hukuta hewa nzito, nayo husita. Mwambie fundi safari zako kabla hajagusa jeti.

Pikapu za siku hizi zisizo na kabureta huugua hivyo hivyo. Taa ya injini huwaka, na mashine ya fundi ikionyesha P0171, maana yake ni petroli kidogo kwa hewa. Asikuuzie kipima hewa kabla hajakagua mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio la hewa. Mara nyingi umepasuka upande wa chini, usikoonekana.

Ukimaliza matengenezo, endesha siku tatu nne na mzigo wa kawaida, kisha fungua plagi tena uitazame rangi.