Kipande Kimoja cha Shina: Tusiache Masuku na Nderema Vipotee



Kwetu Lusewa kila mkulima anajua kupanda muhogo: unakata shina, unalifukia, linaota. Lakini masuku, mbula na mboga za porini tumezoea kuokota tu, kana kwamba pori halina mwisho. Leo miti hiyo inaangushwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Msuku wenye matunda matamu ukianguka, huna uhakika kwamba mbegu yake itakupa utamu uleule.

Katika falsafa tunasoma kwamba Aristotle, akiandika juu ya roho, aliona kuwa mmea ukikatwa, vipande vyake huendelea kuishi. Alieleza kwamba roho ya mmea ni moja kwa uhalisi, lakini ni nyingi kwa uwezekano. Mkulima wa muhogo huishuhudia kweli hiyo kila msimu.

Tuanze na iliyo rahisi. Nderema, mboga ya kutambaa yenye majani manene ya utelezi, hupenda penye unyevu. Kata shina lililokomaa kiasi, lenye vifundo 3 au 4. Ondoa majani ya chini, fukia vifundo 2, weka kivuli na umwagilie. Mizizi hutokea kwenye vifundo.

Msuku ni mkaidi. Mwaka jana wakati wa likizo nilikata vijiti 12 kutoka mti mkubwa, nikavipanda kama muhogo. Vilichipua, nikafurahi, baadaye vyote vikakauka. Machipukizi yalikuwa yanatumia akiba iliyobaki ndani ya kijiti, na chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Kuchipua si kuota.

Kwa mti huu, afadhali mizizi ioteshwe tawi likiwa bado mtini. Chagua tawi lenye afya, bandua gamba kuzunguka kwa upana wa vidole 2, kisha kwangua utelezi uliobaki. Zungushia udongo wenye unyevu, funika kwa nailoni na ufunge ncha zote mbili. Maji yataendelea kupanda kupitia mti wa ndani, lakini chakula kinachoshuka kutoka majani kitakwama juu ya jeraha, na hapo ndipo mizizi huota. Baada ya miezi kadhaa, ukiiona, kata tawi chini yake na ulipande kivulini. Changanya udongo uliochotwa chini ya msuku, kwa maana una kuvu wanaoisaidia mizizi yake kupata chakula.

Kuna faida nyingine. Misuku ina dume na jike, na jike pekee ndiye huzaa. Ukipanda mbegu, utangoja miaka mingi kabla ya kujua umepata yupi. Tawi la mti unaozaa ni jike bila shaka. Ila usichukue matawi ya mti mmoja tu: miche yote itakuwa sawa, na ugonjwa mmoja unaweza kuimaliza yote. Acha pia madume karibu, maana bila wao hakuna tunda.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alituita tuitunze nyumba yetu ya pamoja. Jumuiya ndogondogo inaweza kuanza na msuku mmoja. Waulizeni wazee ni upi mtamu kuliko yote, kabla shoka halijaufikia.