Mboga Yako Imekunywa Maji Gani?

Kila msimu wa mvua unapokaribia, hapa Arusha swali huwa lilelile katika nyumba zenye kipande cha uwanja: tupande nini? Mimi naona swali hilo hutangulia kabla ya zamu yake. Mbegu za mchicha ni rahisi kupatikana. Kinachotakiwa kufikiriwa kwanza ni tuta, na kabla ya tuta ni maji: yatatoka wapi na yatakwenda wapi.

Wako wanaosema kwamba kulima mboga mjini ni kupoteza muda, kwa kuwa fungu la mchicha pale Soko la Kilombero halimshindi mtu bei. Sibishani nao sana. Ukihesabu jasho, samadi na bili ya maji, tuta moja la uani halimtajirishi mtu. Faida yake kubwa ni nyingine, nayo ni kujua mboga unayomlisha mtoto imekunywa nini. Mito yetu, kama vile Themi, Naura na Kijenge, hushuka kutoka Mlima Meru, ikapita katikati ya makazi ya watu, na humo ndimo inamopokea taka, majitaka na maji ya kuoshea magari. Kando ya mito hiyo watu wanalima mboga. Siwalaumu, kwani wamelima palipo na maji, na mji unakula kwa jasho lao. Lakini mnunuzi hawezi kulitazama jani sokoni akajua kama lilimwagiliwa maji ya juu ya mji au ya chini yake. Aliye na tuta lake anajua.

Sasa tuanze na udongo. Udongo wa mteremko wa Meru umetokana na majivu ya volkano, na mlima huo ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Ni udongo mzuri, mwepesi kulimika. Ila uwanja wa nyumba ya mjini mara nyingi si udongo ule ule wa mlimani. Fundi alipochimba msingi aliutoa udongo wa chini akautandaza juu, akaacha na mabaki ya saruji, kokoto na vipande vya matofali. Kwa hiyo chimba kwanza shimo dogo lenye kina cha jembe moja utazame. Ukikuta kokoto na saruji, ziokote, na ujiandae kuongeza udongo wa juu na samadi. Mahali palipokuwa pakimwagwa oili chafu ya magari, paache kabisa, panda maua.

Pili ni mwelekeo. Mji wetu umekaa upande wa kusini wa mlima, na kwa sehemu kubwa ardhi inateremka kutoka kaskazini kwenda kusini. Maji ya mvua nayo hufuata njia hiyo. Tuta likilala kufuata mteremko, mvua kubwa moja ya Aprili huisomba samadi yako yote ikaipeleka barabarani. Basi tuta lilale kukata mteremko, yaani kwa sehemu nyingi za mji litakuwa la mashariki kwenda magharibi. Kama huna hakika na mteremko wa kiwanja chako, subiri mvua inyeshe, toka nje utazame maji yanakokimbilia. Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho.

Tatu ni vipimo. Upana wa tuta uwe mita 1, au mita 1 na robo kwa mtu mwenye mikono mirefu, ili uweze kufika katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga. Urefu ni kadiri ya nafasi. Njia kati ya tuta na tuta iwe sentimita 40 hadi 50, ipite ndoo. Piga vigingi vinne, funga kamba, kisha toa udongo wa juu kina cha sentimita 30 uuweke kando. Udongo wa chini yake usiutoe. Utifue tu hapo hapo kwa uma au kwa sururu, sentimita nyingine 30. Rudisha udongo wa juu ukiuchanganya na samadi iliyoiva, kiasi cha debe moja kwa kila mita ya mraba. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono, wala haina harufu kali. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche. Tangu siku hiyo mguu wa mtu usipande tena juu ya tuta, wala wa mtoto, wala wa mbuzi.

Nne, na hili ndilo ambalo wengi hawalizingatii, ni kwamba tuta hubadilika kwa majira. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, tuta liinuliwe sentimita 15 hadi 20 juu ya njia, ili maji ya ziada yatoke na mizizi isioze. Lakini tuta hilo hilo lililoinuka, ukiliacha hivyo mpaka Septemba, hukauka upesi kwa upepo na jua. Kiangazi kinataka tuta lililozama: shimo jembamba lenye kingo za udongo kuzunguka, ili kila tone unalomwaga libaki ndani. Juu yake tandaza majani makavu ya migomba au nyasi. Watu wa vihambani hufanya hivyo chini ya migomba na kahawa, na wala si jambo la kwenda kusomea.

Hapo tunarudi kwenye maji. Mboga katika kiangazi huhitaji kadiri ya lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa mita 3 kwa hiyo linataka lita 12 hadi 15, yaani ndoo ya lita 20 isiyojaa. Mwagilia asubuhi au jioni, kwenye shina na si juu ya majani.

Ama paa la bati ni kisima tusichokithamini. Paa lenye mita za mraba 40, ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, hukupa kiasi cha lita 400. Maji ya dakika za mwanzo yanayoosha vumbi yaache yaende kwenye tuta. Yanayofuata yaingie kwenye tanki. Na hapa nawaomba wasikilizaji wawe makini. Mlima uleule uliotupa udongo mzuri ndio uliotutilia madini ya floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na zipo chemchemi na visima vingi kuzunguka Meru vinavyozidi kiwango hicho kwa mbali. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu, na kwa walioathirika zaidi, kwenye mifupa iliyopinda. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi; maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Pale Ngurdoto wataalamu wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya wanyama kuyachuja. Maji ya mvua, kwa upande wake, yana floraidi kidogo mno.

Kwa hiyo mgao wa nyumbani uwe huu: maji ya mvua yaliyo safi ni ya mtoto kunywa na ya kupikia, yakichemshwa kuua vijidudu. Maji ya bomba au kisima, pamoja na yale uliyooshea mchele na mboga, ni ya tuta. Usimwagilie mboga maji ya mvua huku mtoto akinywa maji ya kisima chenye floraidi. Na ukishaivisha mboga yako, usiharakishe kuitia magadi ili ilainike, maana magadi nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Tukifika hapo ndipo swali la tupande nini lina nafasi yake. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mnafu, figiri na mgagani ni mboga za kwetu, na hazitaki mbembelezo mwingi. Sukuma wiki ipewe nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche. Pale Tengeru, mbali na chuo na kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, ipo tangu mwaka 1992 ofisi ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho kimekusanya na kuboresha mbegu za mboga hizi za asili zilizodharauliwa kwa miaka mingi.

Najua wengi wenu ni wapangaji, na mpangaji husita kutifua uwanja wa mtu ambao anaweza kuambiwa auhame mwisho wa mwezi. Kwake yeye tuta liwe ndani ya gunia: udongo na samadi, mawe madogo katikati ya kupitisha maji, na miche ubavuni na juu. Siku ya kuhama, gunia linapanda mkokoteni pamoja na kitanda.

Mwenye uwanja naye asingoje mpaka mawingu yafunike mlima. Tuta huchimbwa udongo ukiwa na unyevu kidogo, si ukiwa tope. Wiki mbili kabla ya mvua ndio wakati wake.