Ratiba ya Bunge: Kwa Nini Wabunge na Maseneta Huilalamikia, na Maana Yake kwa Mwananchi

Kila Alhamisi alasiri, Bunge la Kitaifa linapokuwa kikaoni, Kiongozi wa Wengi au mjumbe mwingine wa Kamati ya Shughuli za Bunge husimama na kusoma taarifa kuhusu shughuli za juma linalofuata. Hutaja miswada itakayosomwa, hoja zitakazojadiliwa na maswali ambayo Mawaziri watatakiwa kuyajibu. Kwa msikilizaji wa mbali, taarifa hiyo huonekana kuwa orodha tu. Kwa wabunge, ndiyo inayoamua iwapo jambo walilotumwa na wapiga kura litapata nafasi ya kuzungumzwa au litasubiri tena.

Ndiyo sababu malalamiko kuhusu ratiba husikika mara kwa mara Bungeni. Wapo wanaosema kwamba mswada fulani unaharakishwa kabla ya wananchi kuuelewa. Wengine hulalamika kwamba miswada yao imekaa miezi mingi bila kusogea. Makala haya yanaeleza namna ratiba inavyopangwa, mahali ambapo muda hubana zaidi, na athari zinazomfikia mwananchi katika kaunti yake.

Nani hupanga ratiba

Bunge la Kenya lina sehemu mbili: Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 pamoja na Spika, na Seneti yenye wanachama 67 pamoja na Spika. Kila moja lina Kanuni za Kudumu, kalenda yake ya mwaka, na kamati inayosimamia mpangilio wa shughuli. Katika Bunge la Kitaifa, kamati hiyo huongozwa na Spika, na miongoni mwa wajumbe wake ni viongozi wa walio wengi na walio wachache pamoja na viranja wao.

Vikao vya kawaida vya Bunge la Kitaifa hufanyika Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Hivyo, katika juma la kawaida kuna vikao vinne tu vya wabunge wote. Muda uliosalia hutumiwa na kamati, ambako miswada huchambuliwa na maoni ya wananchi husikilizwa. Ukiondoa majuma ya mapumziko, nafasi za kujadili jambo jipya ni chache kuliko wengi wanavyodhani.

Kikao cha Jumatano asubuhi kimetengewa shughuli zisizodhaminiwa na vyama vya wengi au vya wachache. Hapo ndipo mbunge mmoja mmoja hupata nafasi ya kuwasilisha mswada au hoja yake. Foleni huwa ndefu, na kikao kimoja hakitoshi. Muhula wa Bunge unapomalizika kabla ya uchaguzi mkuu, miswada yote ambayo haijakamilika hufa, na anayetaka kuifufua hulazimika kuanza upya katika Bunge jipya. Kwa hiyo, mbunge anaposimama kuuliza mswada wake umefika wapi, huwa anapima miaka iliyobaki.

Siku ambazo mswada huhitaji

Mswada hauwezi kusomwa siku unapochapishwa. Kwa kawaida, siku 14 hupita tangu mswada uchapishwe katika Gazeti Rasmi hadi uwasilishwe Bungeni kusomwa mara ya kwanza, ingawa miswada ya kuidhinisha matumizi ya fedha za Serikali huhitaji siku saba. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, mswada hupelekwa kwa kamati inayohusika ili kuuchambua na kukusanya maoni ya umma. Kisha husomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, na hatimaye husomwa mara ya tatu. Ukipitishwa na kufikishwa kwa Rais, Rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya sababu zake.

Kanuni zinaruhusu Bunge kupunguza baadhi ya siku hizo kwa kupitisha hoja maalumu. Ruhusa hiyo ina faida wakati wa dharura, lakini pia ndiyo chimbuko la malalamiko mengi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria. Mwananchi wa Mandera au Turkana anayepewa siku chache kusoma mswada wa kurasa nyingi na kutuma maoni yake Nairobi ana haki ya kujiuliza kama ameshirikishwa kweli. Mahakama za Kenya zimekwisha kubatilisha sheria au vifungu vya sheria kwa sababu ya ushirikishaji hafifu. Kwa maana hiyo, haraka iliyookoa siku kumi inaweza kuzaa kesi ya miaka.

Aprili hadi Juni: miezi ya kubanana

Hakuna kipindi ambacho ratiba hubana kama miezi inayotangulia mwisho wa mwaka wa fedha, yaani tarehe 30 Juni. Kifungu cha 221 cha Katiba kinamtaka Waziri wa Fedha awasilishe makadirio ya mapato na matumizi katika Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Kifungu cha 218 nacho kinataka muda huohuo uzingatiwe kwa miswada miwili inayohusu kaunti: Mswada wa Mgao wa Mapato, unaogawa fedha baina ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti, na mswada unaogawa fungu hilo la kaunti baina ya kaunti zote 47.

Kati ya tarehe 30 Aprili na 30 Juni kuna takriban majuma tisa. Kwa hesabu ya vikao vinne kwa juma, Bunge la Kitaifa hupata vikao visivyozidi 36, kabla ya kuondoa mapumziko. Katika muda huo, kamati zote hukagua bajeti za wizara zao, wananchi husikilizwa, Mswada wa Fedha unaohusu kodi hujadiliwa, na mswada wa kuidhinisha matumizi hupitishwa. Shughuli nyingine zote husukumwa kando.

Katiba imeweka tahadhari endapo muda utapita. Chini ya Kifungu cha 222, Bunge la Kitaifa linaweza kuidhinisha matumizi ya hadi nusu ya makadirio ya mwaka, ili huduma za Serikali ya Kitaifa zisisimame wakati sheria ya matumizi inasubiriwa. Kaunti hazina mlango mwepesi kama huo. Zinategemea mabunge yote mawili yakubaliane kuhusu mgao, na hapo ndipo kuchelewa huuma zaidi.

Pale ratiba ilipokwama

Mwaka 2019, mabunge hayo mawili yalitofautiana kuhusu fungu la kaunti. Bunge la Kitaifa lilisimama kwenye Shilingi bilioni 310, nayo Seneti ikataka takriban bilioni 335. Upatanishi wa kwanza haukuzaa matunda. Mwaka mpya wa fedha ulianza Julai bila sheria ya mgao, na magavana wakaenda Mahakama ya Juu kutafuta ushauri. Mwafaka ulipatikana Septemba kwa kiasi cha Shilingi bilioni 316.5, na Rais akaitia saini sheria hiyo tarehe 17 Septemba 2019. Kwa miezi miwili na nusu, serikali za kaunti zilikuwa zimeingia mwaka wa fedha bila kujua fungu lao.

Mwezi Mei 2020, Mahakama ya Juu ilitoa ushauri wake. Ilieleza kwamba Bunge la Kitaifa haliwezi kupitisha sheria ya kuidhinisha matumizi kabla ya sheria ya mgao wa mapato kuwapo. Tangu hapo, utaratibu wa kutanguliza mswada upi umekuwa suala la Katiba na si la hiari ya wapangaji wa ratiba.

Mwaka huohuo wa 2020, mjadala ulihamia ndani ya Seneti yenyewe. Maseneta walitakiwa kuamua kanuni mpya ya kugawa fedha baina ya kaunti, jambo ambalo Kifungu cha 217 kinawapa wao. Uamuzi uliahirishwa kikao baada ya kikao, kwa kuwa kila pendekezo liliziongezea kaunti fulani na kuzipunguzia nyingine. Katika kura za namna hiyo, kila kaunti ina kura moja kupitia ujumbe wake, na hoja haipiti bila kuungwa mkono na angalau kaunti 24. Mwafaka ulifikiwa tarehe 17 Septemba 2020, kwa makubaliano kwamba kanuni hiyo ianze kutumika katika mwaka wa 2021/22, ambapo fungu la kaunti lilifikishwa Shilingi bilioni 370 ili pasiwe na kaunti inayopoteza.

Mwaka 2024 ulionyesha jinsi mswada mmoja unavyoweza kuvuruga ratiba ya mwingine. Mswada wa Fedha ulipitishwa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, huku maandamano yakiendelea nchini. Siku iliyofuata, Rais alikataa kuutia saini na kupendekeza vifungu vyake vyote viondolewe. Kodi zilizotarajiwa zikakosekana, na fungu la kaunti la Shilingi bilioni 400.1, ambalo lilikuwa tayari limewekwa katika sheria, likafunguliwa upya. Pendekezo la kulipunguza hadi bilioni 380 lilipingwa na Seneti. Upatanishi ulimalizikia kwenye bilioni 387.4, na marekebisho hayo yakawa sheria Desemba, mwaka wa fedha ukiwa umekaribia nusu yake.

Kaunti ndizo zinazosimamia hospitali za wilaya za zamani, zahanati, barabara za vijijini, masoko na shule za chekechea. Mgao unapochelewa, mishahara ya wauguzi huchelewa, oda za dawa husitishwa, na mkandarasi mdogo aliyekwisha kukamilisha kazi hubaki na ankara isiyolipwa. Seneta anapouliza kwa nini mswada wa mgao haupo katika ratiba ya juma lijalo, swali lake linahusu watu hao.

Malalamiko baina ya mabunge mawili

Maseneta wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba miswada inayoanzia kwao hukaa muda mrefu ikifika Bunge la Kitaifa. Kwa upande wao, wabunge huhoji iwapo baadhi ya miswada hiyo inagusa kodi na matumizi, kwani miswada ya fedha inaweza kuanzia katika Bunge la Kitaifa pekee.

Kifungu cha 110 kinawataka Maspika wawili waamue kwa pamoja, kabla mswada haujashughulikiwa, iwapo unahusu kaunti. Tarehe 29 Oktoba 2020, Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Kitaifa bila kuihusisha Seneti. Shauri hilo liliendelea katika mahakama za juu, lakini funzo lake lilikuwa wazi: hatua iliyorukwa mwanzoni inaweza kuiangusha sheria iliyokwisha kuanza kutumika.

Idadi ya wanaohudhuria nayo huathiri ratiba. Mswada wa kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia ulihitaji kuungwa mkono na wabunge 233. Tarehe 27 Februari 2019, ulipokuwa upigiwe kura, wabunge waliokuwamo ukumbini hawakufika idadi hiyo, na mswada haukupita. Kwa hiyo, wanaopanga kura za namna hii huangalia pia ni nani yuko Nairobi siku hiyo.

Mwananchi afuatilie vipi

Mwananchi hana kura ukumbini, lakini ana njia za kuifuatilia ratiba na kuigusa.

Kwanza, orodha ya shughuli za kila kikao hutolewa na kuwekwa katika tovuti ya Bunge, pamoja na nakala za miswada na kumbukumbu rasmi za mijadala. Anayetaka kujua kama mswada unaohusu kazi yake umefika hatua gani aanzie hapo.

Pili, kamati hutangaza tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Maoni mafupi yanayotaja kifungu na kupendekeza badiliko husaidia zaidi kuliko barua ndefu inayoupinga mswada kwa jumla. Kikundi cha wakulima, chama cha wahudumu wa bodaboda au jumuiya ya wazazi kinaweza kuandika kwa pamoja.

Tatu, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, likiwamo la kulitaka Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria.

Nne, mwananchi anaweza kumwuliza mbunge au seneta wake swali mahususi: mswada huu uko hatua gani, na umepangiwa juma lipi? Taarifa ya Alhamisi humwezesha mwakilishi huyo kutoa jibu lenye tarehe. Kwa miswada ya mgao, swali hilo lifaa kuulizwa mapema mwezi Mei, wakati bado kuna majuma ya kusahihisha, badala ya Julai ambapo mwaka wa fedha umekwisha kuanza na zahanati zinasubiri dawa.