Zwangendaba

Zwangendaba wa ukoo wa Jele (huandikwa pia Jere; alizaliwa takriban 1785, alifariki takriban 1848) alikuwa mfalme wa Wangoni aliyewaongoza watu wake kutoka kusini mwa Afrika hadi nyanda za juu za Ufipa, ambazo leo ziko katika Mkoa wa Rukwa nchini Tanzania. Alifariki huko Ufipa, mahali palipoitwa Mapupo. Baada ya kifo chake taifa aliloliunda njiani lilivunjika, na vipande vyake vikawa chanzo cha falme na jamii za Wangoni zinazopatikana Tanzania, Malawi na Zambia.

Wanafunzi wengi humfahamu kupitia sura ya vitabu vya historia inayohusu uhamiaji wa Wangoni, ambamo kwa kawaida hutajwa kwa mstari mmoja tu: alivuka Zambezi, akafika Ufipa, akafa. Mstari huo ni sahihi, lakini hauelezi kwa nini jeshi lililoshinda karibu kila mahali kwa zaidi ya miaka ishirini lilisambaratika mara tu baada ya mtu mmoja kufariki.

Asili yake

Zwangendaba alikuwa mwana wa Hlatshwayo, mkuu wa ukoo wa Jele uliokuwa mmojawapo wa koo za Wanguni kaskazini mwa eneo ambalo leo huitwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Ukoo wake ulikuwa chini ya Zwide, mfalme wa Wandwandwe. Mnamo mwaka 1819 hivi Zwide alishindwa na Shaka wa Wazulu katika mapigano ya mto Mhlatuze, na wakuu waliokuwa upande wake walibaki na njia mbili: kumtii Shaka au kuondoka. Zwangendaba aliondoka. Wengine waliochukua njia hiyo ni Soshangane, aliyeunda ufalme wa Gaza katika Msumbiji, na Nxaba.

Kipindi hicho cha vita na uhamaji huitwa Mfecane. Sababu zake bado zinabishaniwa na wanahistoria: wengine husisitiza ukame na uhaba wa malisho, wengine biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika ghuba ya Delagoa (leo Maputo), na wengine tamaa ya wafalme wenyewe.

Safari kuelekea kaskazini

Kwa miaka kadhaa Zwangendaba alikaa upande wa kusini wa Msumbiji, akashirikiana na Soshangane kisha wakagombana. Akasukumwa kuelekea magharibi hadi nyanda za juu za Zimbabwe. Huko Wangoni waliharibu vibaya dola ya Warozwi, iliyokuwa na miji ya mawe na watawala wenye cheo cha Mambo. Kundi moja lililoongozwa na mwanamke wa ukoo wa kifalme, Nyamazana, liliachwa kusini ya Zambezi. Masimulizi husema ndiye aliyemwua Mambo wa mwisho, na baadaye aliolewa na Mzilikazi wa Wandebele.

Wangoni walivuka mto Zambezi karibu na Zumbo tarehe 20 Novemba 1835. Ni nadra kuwa na tarehe kamili namna hii katika historia ya watu wasiotumia maandishi. Imejulikana kwa sababu masimulizi ya Wangoni yanakumbuka kwamba jua lilipatwa siku ya kuvuka, na wataalamu wa falaki waliweza kukokotoa siku ya tukio hilo. Masimulizi hayohayo husema mfalme aliyapiga maji kwa fimbo yake yakagawanyika. Msomaji ataamua mwenyewe kuhusu fimbo. Jua ndilo linaloweza kuhakikishwa.

Baada ya hapo walikaa miaka michache katika nchi ya Wansenga, wakapita katika nchi ya Watumbuka magharibi ya Ziwa Nyasa, kisha wakapanda hadi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1840. Kutoka nyumbani kwao hadi hapo ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka, na wao hawakutembea kwa mstari ulionyooka. Walikuwa na wanawake, watoto, wazee na makundi ya ng'ombe. Walisimama kulima na kuvuna, kisha wakahama tena chakula kilipokwisha.

Uongozi wake vitani

Miaka hiyohiyo huko Uingereza alitawala William IV na baada yake malkia Victoria. Mfalme wa mwisho wa Waingereza kuongoza askari mwenyewe kwenye uwanja wa vita alikuwa George II, huko Dettingen mwaka 1743. Kwa Wangoni mambo yalikuwa tofauti kabisa: mfalme, jeshi na taifa vilikuwa kitu kimoja kilichotembea pamoja. Mji wa kifalme ulikuwa kambi, na kambi ilihama.

Silaha na mbinu zilikuwa za Wanguni: mkuki mfupi wa kuchomea badala ya ule wa kurusha, ngao ya ngozi ya ng'ombe, na safu ya vita iliyopangwa kama pembe za ng'ombe ili kumzunguka adui. Vijana wa umri mmoja waliwekwa katika kikosi kimoja bila kujali walikotoka. Jambo hili la mwisho ndilo lililokuwa muhimu zaidi kuliko mkuki.

Watu waliotoka na Zwangendaba kusini walikuwa wachache. Taifa lilikua kwa mateka. Kila nchi iliyopigwa ilitoa vijana na wanawake: Wathonga wa Msumbiji, Wakalanga wa Zimbabwe, Wansenga, Watumbuka. Kijana aliyetekwa aligawiwa kwenye nyumba ya mkuu fulani, akaingizwa katika kikosi cha rika lake, akafundishwa lugha na vita. Akionyesha ushujaa aliweza kupata ng'ombe, wake na hata mateka wake mwenyewe. Kwa njia hiyo mtu aliyechomewa kijiji chake angeweza, baada ya miaka kumi, kuwa anachoma vijiji vya wengine akijiita Mngoni. Si sahihi kusifu werevu wa mpango huo bila kutaja gharama yake: masimulizi ya jamii zilizo kandokando ya njia yao yanazungumzia maghala yaliyochomwa, watu waliojificha mapangoni na njaa iliyofuata.

Mpango huo ulikuwa na masharti mawili. Kwanza, vita havikuweza kusimama kwa muda mrefu, kwa kuwa vijana walihitaji ng'ombe na mateka ili wapande cheo. Pili, kila kitu kilimtegemea mfalme kama mgawaji wa nyara na mwamuzi kati ya nyumba kubwa. Kila mke mkubwa wa mfalme alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na watu, mifugo na askari wake. Alipokuwa hai, nyumba hizo zilishindana kwa kumtumikia.

Mapupo

Ufipa ni nyanda za juu kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya nyasi, baridi na upepo, isiyo na mbung'o wengi kama mabonde yanayoizunguka. Mtu yeyote aliyesimama nje ya mji wa Sumbawanga na kuona malisho yale ataelewa kwa nini wafugaji waliochoka walisimama hapo.

Nchi haikuwa tupu. Wafipa walikuwa wakulima wa ulezi waliolima kwa matuta makubwa ya kufukia majani, na mafundi wa chuma waliojenga matanuri marefu ya udongo. Walikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na matawi ya ukoo mmoja wa Watwa (jina tu limefanana na la Watwa wawindaji wa misituni), pamoja na utemi wa kale zaidi wa Milansi uliokuwa na heshima ya kidini. Wangoni walichukua ng'ombe, nafaka na watu, lakini hawakuziondoa falme hizo.

Mapupo ulikuwa mji mkuu wa mwisho wa Zwangendaba. Jina lafanana na neno la Kinguni amaphupho, yaani ndoto.

Kifo na mgawanyiko

Zwangendaba alifariki akiwa mzee, takriban mwaka 1848. Waandishi wengine hutaja 1845. Hakuuawa vitani. Warithi wakuu, Mpezeni na Mbelwa, walikuwa bado wadogo, na mzozo kuhusu nyumba ipi ilikuwa kubwa ulikuwa umeanza baba yao akiwa hai. Simulizi moja husema unywele ulionekana katika pombe aliyoletewa mfalme kutoka nyumba ya mkewe mmoja, akashuku uchawi, na nyumba hiyo ikapoteza nafasi yake. Kama ilitokea hivyo au la, simulizi linaonyesha jinsi watu walivyoukumbuka mgogoro: ulianzia jikoni, si uwanjani.

Ntabeni, ndugu wa mfalme, alishika uongozi kwa muda mfupi naye akafariki. Aliyemfuata, Mgayi, naye hakudumu. Baada ya hapo kila nyumba ilishika njia yake.

Wafuasi wa Ntabeni walielekea kaskazini kando ya Ziwa Tanganyika wakajulikana kama Watuta. Katika miaka ya 1850 waliivamia Ujiji, na baadaye walikuwa washirika wa Mirambo wa Unyamwezi. Mpezeni alielekea kusini-magharibi, akapigana na Wababemba, na mwishowe akakaa karibu na Chipata ya leo, mashariki mwa Zambia. Mbelwa alirudi kusini na kutawala katika nchi ya Watumbuka, kaskazini mwa Malawi. Kundi la nne, likiongozwa na Zulu Gama (Zulu hapa ni jina la mtu) na Mbonani Tawete, lilizunguka mashariki ya Ziwa Nyasa hadi eneo la Songea. Huko liliwakuta Wangoni wengine, Wamaseko, ambao hawakuwa wa Zwangendaba. Baada ya mapigano Wamaseko walifukuzwa, na washindi wakaunda falme za Njelu na Mshope.

Baada ya miaka hamsini hivi kila tawi lilikutana na wakoloni kwa namna yake. Watu wa Mpezeni walishindwa na Waingereza mwaka 1898. Watu wa Mbelwa walikubali utawala wa Waingereza kwa mapatano mwaka 1904. Wangoni wa Songea walijiunga na Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Mputa, mtawala wa Njelu, alinyongwa mwaka 1906 pamoja na wakuu wengine wengi.

Lugha pia iligawanyika. Kingoni cha Songea leo si Kinguni cha kusini bali ni lugha iliyotokana zaidi na watu waliotawaliwa, na Wangoni wa Malawi kaskazini huzungumza Kitumbuka. Mama waliotekwa ndio waliolea watoto. Majina ya cheo ya Mpezeni na M'mbelwa bado hurithiwa, na kila Februari sherehe ya Nc'wala hufanyika Mutenguleni, karibu na Chipata.

Ufipa yenyewe ilipumua Wangoni walipoondoka. Nkansi na Lyangalile ziliendelea, na Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Uskoti aliyepita huko mwaka 1880 akienda kuona Ziwa Rukwa, aliwakuta Wafipa wakiwa wakulima wenye amani, wanaofuma nguo za pamba na kushughulika na mashamba yao.