Toni ya Kikamba ambayo vitabu vimeinyamazia

Ukiambiwa ulinganishe Kinavajo na Kihmong, huenda ukajiuliza zinahusianaje. Kinavajo ni lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani wanaoishi Arizona, New Mexico na Utah. Kihmong ni lugha ya watu wa milimani kusini mwa China, Laos, Vietnam na Thailand, na baada ya 1975 wakimbizi waliivusha bahari hadi Minnesota na California. Hazina nasaba hata kidogo. Jambo moja tu linazikutanisha: zote mbili hutofautisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti, yaani kwa toni. Kwa msomaji wa Migwani, huko Ukambani nchini Kenya, habari hii si ya mbali, kwa kuwa Kikamba nacho ni lugha ya toni, ingawa wasemaji wengi wamemaliza shule bila kuambiwa hivyo. Nitashikilia kwamba lugha hizo mbili za mbali ndizo zinazotufafanulia vizuri kwa nini Kikamba kimeandikwa miaka yote hii bila alama za toni, na kwa nini sababu ya kukiandika hivyo inazidi kupungua nguvu.

Tuanze na Kihmong, maana ndicho chenye toni nyingi. Maneno yake mengi ni ya silabi moja, wala hayabebi viambishi. Chukua silabi po. Ukiitamka kwa sauti ya juu ni mpira, ya chini ni mwiba, ya kushuka ni jike, ya kupanda ni kutupa. Ukiibana kooni ni kuona, na ukiitoa kwa pumzi nyingi ni bibi mzaa baba. Wamisionari na wataalamu waliobuni hati yake ya Kilatini huko Laos kati ya 1951 na 1953 waliona kwamba bila kuonyesha toni hakuna kitakachosomeka. Basi wakatumia herufi za mwisho kama alama: pob, pos, poj, pov, pom, pog. Herufi hizo za mwisho hazitamkwi, kazi yake ni kuonyesha toni tu. Kwa mtu aliyezoea tahajia ya Kiswahili ni ajabu, lakini ni ubunifu wa akili sana.

Kinavajo kimejengwa kinyume kabisa. Kitenzi chake hurundika viambishi kabla ya mzizi hadi neno moja likawa sentensi. Yishcha ni "ninalia", nicha ni "unalia", yicha ni "analia". Mkamba haoni ugeni hapo, kwa sababu nĩnamwona yake nayo ni sentensi nzima, yenye mtenda, mtendwa na kitendo ndani ya neno moja. Tofauti ni kwamba Kinavajo huishia kwenye mzizi, hali Kikamba, kama Kiswahili, huendelea kuongeza vipande baada yake. Toni za Kinavajo za msingi ni mbili tu, ya juu na ya chini, na ya juu huwekewa kistari cha mshazari: azee' ni dawa, azéé' ni mdomo.

Kikamba basi kina umbo la kitenzi linalokaribia Kinavajo, huku toni zake zikiwa na hesabu ya kutisha kidogo. Wachambuzi wamebainisha viwango vinne vya sauti, kuanzia kile kilicho chini ya chini hadi kilicho juu ya juu. Jayne Mutiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika tasnifu kuhusu mfumo huu akitumia lahaja ya Mwingi, yaani usemi wa upande huohuo wa Migwani. Lakini tazama toni hizo zinafanya kazi wapi. Pamoja na kutenganisha maneno, hufuata sarufi: mwinuko wa kitenzi hubadilika kwa njeo na kwa aina ya kishazi. Na kwa kuwa kitenzi ni kirefu na kimejaa viambishi na upatanisho wa ngeli, msomaji ana dalili nyingine tele. Akikosa toni, viambishi humwongoza. Mhmong hana bahati hiyo. Neno lake fupi likivuliwa toni halibaki na kitu cha kushika.

Wapo watakaosema kwamba basi hoja imekwisha: msemaji anajua, muktadha unatosha, na alama zitachosha macho. Kwa upande wa toni, jibu hilo lina uzito, ila linaangushwa na Kinavajo chenyewe. Vitenzi vyake vimejaa viambishi kama vyetu, na bado toni huandikwa. Faida yake inaonekana leo, kwa kuwa watoto wengi wa Kinavajo huingia shule wakizungumza Kiingereza, na wengine hukutana na lugha ya wazee wao kitabuni. Muktadha humsaidia anayeijua lugha tayari. Anayejifunza hana muktadha huo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6, kwa hiyo hatuzungumzii lugha inayokata roho. Hata hivyo mtoto wa Kikamba anayekulia Nairobi yuko karibu na hali ya mtoto wa Kinavajo kuliko ya bibi yake aliyebaki nyumbani, na kitabu anachopewa kinadhani tayari anajua jinsi neno linavyopanda na kushuka.

Kuna hasara nyingine iliyo karibu zaidi. Kikamba kina irabu saba, na hati yake hutumia ĩ na ũ kuonyesha zile mbili ambazo Kiswahili hakina. Kialama hicho hakihusiani na toni, bali huonyesha irabu nyingine kabisa: mzizi -uma ni kutoka, -ũma ni kung'ata. Kwenye ujumbe wa simu watu wengi hukiacha kwa sababu kukitafuta kwenye kibodi ni usumbufu. Hapo maandishi yanakosa toni, ambayo haikuwapo tangu mwanzo, na sasa irabu pia, ambayo ilikuwapo, na mwandishi anauachia muktadha mzigo wote. Barabara itokayo Kibwezi, kupitia Mutomo na Kitui hadi Migwani, inapita katika matamshi yanayotofautiana. Msomaji wa upande mmoja hawezi kukisia kila mara mwenzake wa upande wa pili amekusudia nini.

Sipendekezi gazeti au Biblia ya Kikamba ijazwe vistari juu ya kila silabi. Hilo lingewafukuza wasomaji tulio nao. Lakini kamusi na vitabu vya wanafunzi wa madarasa ya chini, ambao mtaala unataka wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, havina udhuru. Viandike ĩ na ũ bila kukosa, na kila neno jipya lionyeshwe toni yake mara moja, pale linapotajwa kwa mara ya kwanza.