Jitu kwa bei ya bakuli la tambi

Raiden Tameemon alikuwa na urefu wa mita 1.97 na uzito wa kilo 169. Leo vipimo hivyo si ajabu katika sumo. Wakati wake, Japani ya mwishoni mwa karne ya 18, mwanamume wa kawaida hakufika mita 1.60, na jitu kama hilo lilitamaniwa hata na watu wasiojali mieleka.

Hapo ndipo wachoraji walipoingia. Picha ya Raiden iliyochorwa na Katsukawa Shun'ei haikutengenezwa kwa ajili ya ukuta wa tajiri. Ilichapwa kwa vibao vya mbao na kuuzwa madukani Edo, mji unaoitwa sasa Tokyo, kwa bei ambayo kwa kawaida haikuzidi sana ile ya bakuli la tambi. Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga akifuata mistari, na mchoro wenyewe ukaangamia. Kila rangi ilikuwa na kibao chake. Mchapaji alipaka wino, akalaza karatasi juu, akaisugua mgongoni kwa kidude bapa kilichovikwa ganda la mwanzi.

Shun'ei alijifunza kwa Katsukawa Shunsho, fundi aliyejijengea jina kwa picha za waigizaji wa tamthilia za kabuki. Kabla ya Shunsho, nyuso za waigizaji zilifanana kiasi kwamba ilibidi usome jina ndipo umjue mtu. Yeye akampa kila mmoja pua yake na taya lake, na mwanzoni mwa miaka ya 1780 akayahamishia hayo kwenye sumo. Mwanamieleka mara nyingi husimama peke yake, tumbo wazi, aproni ya sherehe imening'inia kiunoni, jina limeandikwa kando. Hakuna kivuli wala msuli uliochorwa kwa madaha. Mstari mmoja mnene unashuka begani hadi kiunoni, nawe unahisi uzito. Kwangu mimi, mstari huo una kazi kubwa kuliko rangi zote zilizouzunguka. Wanawake wa Edo, ambao hawakuruhusiwa kuingia kutazama mashindano, waliweza walau kuinunua sura.

Tatizo ni kwamba karatasi haimuulizi mtu ameshinda mara ngapi. Mwaka 1794 Sharaku, mchoraji ambaye hadi leo asili yake inabishaniwa, alimchora Daidozan Bungoro akiwa katikati ya ulingo, amevaa aproni kama bingwa. Daidozan alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye kilo zaidi ya 70. Hakupigana, aliingizwa ulingoni aonekane, watu walipe. Hata watawala wa majimbo, ambao ndio waliowalisha wanamieleka, walikuwa na tabia ya kuokota wanaume warefu na kuwapachika cheo cha juu kama mabango ya dukani.

Raiden angeweza kuwa bango la namna hiyo. Bwana wake alikuwa Matsudaira Harusato, mtawala wa jimbo la Matsue, mtu anayekumbukwa zaidi kwa ustadi wa chai kuliko kwa vifua vya wanaume. Lakini vitabu vya mashindano vinamlinda: katika miaka 21 ya kupigana Edo, kuanzia 1790 hadi 1811, alishinda mapambano 254 na kushindwa 10 tu. Inasimuliwa kwamba alikatazwa mbinu kadhaa kwa kuwa aliumiza wenzake. Simulizi hiyo naipokea kwa tahadhari. Jitu lolote hupata ya kwake. Daftari la safari zake, hata hivyo, lipo, na linaonyesha mtu aliyejua kushika kalamu, jambo ambalo picha isingekudokezea.

Cheo cha yokozuna, heshima ya juu kabisa katika sumo, alichopewa mwalimu wake Tanikaze mwaka 1789 pamoja na Onogawa, Raiden hakukipata, na sababu bado inabishaniwa. Mwaka 1900 ulisimamishwa mnara wa mayokozuna kwenye hekalu la Tomioka Hachiman, Tokyo. Tanikaze yumo kwa namba yake, ya nne. Onogawa, ya tano. Raiden naye kachongwa humo, bila namba, kama mwanamieleka asiye na mfano.